Joto la Prosesa na Vipimajoto vya Kericho

Msikilizaji, ukifungua programu ndogo ya kuonyesha joto la prosesa kwenye kompyuta yoyote, iwe katika saiba pale makutano ya Kaplong au katika ofisi ya karani wa kiwanda cha chai, utaona namba: 47, 62, 88. Namba hiyo huandikwa kwa uhakika, bila "takriban" wala "labda" mbele yake, na mara nyingi fundi huitumia kutoa hukumu: feni imekufa, prosesa inaungua, mashine hii usinunue. Leo nataka kutetea hoja moja, nayo ni kwamba namba ile haikuwekwa pale ili kutueleza prosesa ina joto kiasi gani. Iliwekwa ili prosesa yenyewe ijue imebakiza umbali gani kufikia mpaka wa hatari. Hizo ni kazi mbili, na kihisi kinachofanya ya pili vizuri sana kinaweza kuifanya ya kwanza vibaya. Sisi wa nchi ya chai, kuanzia Kericho kupitia Litein hadi Sotik na Bomet, tuna sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili. Vipimo vya joto vya Kericho viliwahi kuwa kiini cha mabishano ya wanasayansi katika majarida makubwa ya dunia, mabishano yaliyodumu karibu miaka kumi, na jambo lililobishaniwa ni mabadiliko ya joto ambayo mtu akisimama katikati ya majani chai asingeyahisi hata kidogo.

Tuanze na kihisi chenyewe. Ni kitu kidogo mno, kimechorwa ndani ya silikoni ileile yenye transista zinazopiga hesabu. Hakina zebaki wala spiriti. Kinategemea tabia moja ya silikoni: ukipitisha mkondo wa umeme usiobadilika kwenye dayodi, volti kati ya ncha zake hupungua kwa takriban milivolti 2 kila joto linapopanda digrii moja. Tabia hiyo ingetosha kama dayodi zote zingefanana, lakini hazifanani, kwa sababu hata chipu mbili zilizokatwa kutoka bamba moja la silikoni hutofautiana. Wahandisi wakapata ujanja wa kupitisha mikondo miwili, mmoja mkubwa mara kadhaa kuliko mwingine, kisha kupima tofauti ya volti inayotokea. Tofauti hiyo hufuata joto na uwiano wa ile mikondo, na haijali sana dayodi ilitengenezwa vipi. Ujanja huu una gharama yake, kwani ishara huwa ndogo kupita kiasi. Mkondo mmoja ukiwa mara kumi ya mwingine, tofauti ya volti hubadilika kwa karibu sehemu mbili za kumi za milivolti kwa kila digrii. Maana yake, ukikosea milivolti moja tu katika kusoma, umekosea digrii tano. Na usomaji huo hufanyika ndani ya prosesa inayofanya kazi, ambamo mamilioni ya transista huwaka na kuzima mabilioni ya mara kwa sekunde huku umeme ukitikisika. Kwamba kihisi hicho kinasoma chochote cha maana ni kazi ya kuheshimiwa, na hoja yangu haimdharau aliyekibuni.

Tofauti zinazobaki kati ya chipu na chipu huondolewa kwa kulinganisha kila kihisi na kipimajoto kinachoaminika, kisha kuandika marekebisho ndani ya chipu kabla haijaondoka kiwandani. Hapa ndipo uchumi unapoingia. Kulinganisha katika joto moja ni haraka. Kulinganisha katika viwango viwili au vitatu vya joto kunataka chipu isubiri hadi itulie kwenye kila joto, na kila sekunde inayokaa kwenye mashine ya majaribio ina bei yake. Sasa jiulize, kama wewe ni mtengenezaji na una nafasi ya kuhakiki sehemu moja ya kipimo, utachagua sehemu ipi? Bila shaka utachagua ile ya juu, karibu na nyuzi 100, kwa sababu kosa la huko laweza kuharibu chipu au kuifanya ipunguze kasi bila sababu. Kosa la kule chini, karibu na nyuzi 30, halimdhuru mtu. Kihisi hutoka kiwandani kikiwa sahihi mahali kinapohitajika, na kadiri joto linavyoshuka kutoka hapo ndivyo usahihi unavyolegea.

Hili si dhana yangu, liko katika nyaraka za watengenezaji. Prosesa za Intel haziripoti digrii juu ya sifuri. Zinaripoti hesabu ya digrii zilizobaki kufikia mpaka wa juu unaoruhusiwa. Chipu inasema "bado 38", na programu unayoitazama huchukua mpaka, tuseme 100, ikatoa 38, ikakuandikia 62. Katika vizazi kadhaa, Intel iliandika kwamba kosa la kihisi halitazidi digrii 5 juu au chini katika masafa ya kazi ya chipu. Nyaraka nyingine za zamani zaidi zilikiri kwamba usahihi hushuka hadi digrii 10 juu au chini joto likiwa karibu nyuzi 50. Na katika baadhi ya prosesa za Core 2, vihisi vilikuwa na tabia ya kukwama: joto likishuka chini ya kiwango fulani, namba iliganda palepale, hata mashine ikiwa imepoa zaidi. Kwa hiyo ukiona kiini kimoja cha prosesa kinaonyesha 51 na jirani yake 57, bado huna ushahidi kwamba cha pili kina joto zaidi. Inawezekana kabisa vikawa sawa, au hata kinyume chake.

Na mpaka wenyewe, ile 100 ambayo programu huanza nayo, nao umewahi kuwa wa kukisia. Kwa prosesa za Core 2 za kompyuta za mezani hapakuwa na njia ya kuusoma kutoka kwenye chipu kwa uhakika. Waandishi wa programu walichagua, wengine wakaweka 85, wengine 95, wengine 100, na mashine moja kwa wakati mmoja ikaonyesha viwango vya joto vinavyotofautiana kwa digrii 15 kutegemea programu iliyofunguliwa. Intel ilitoa jedwali la mipaka hiyo mwaka 2008, kwenye mkutano wake wa wahandisi kule San Francisco, na prosesa zilizofuata mwishoni mwa mwaka huo zikaanza kubeba mpaka wao ndani, programu ikausoma badala ya kubahatisha. Mtengenezaji mwingine, AMD, alikwenda mbali zaidi kwa uwazi. Katika miongozo yake ya wahandisi aliandika kwamba namba inayotolewa na kihisi cha udhibiti ni kipimo cha kuongozea feni, kisicho joto halisi la kitu chochote. Mwaka 2017, prosesa za Ryzen 7 1700X na 1800X zilipotoka, zilionyesha digrii 20 zaidi ya joto lililokuwemo. AMD ilieleza kwamba iliziongeza makusudi ili mfumo mmoja wa kuendesha feni ufae aina zote za prosesa zake.

Hata tukipata kihisi kisicho na kosa lolote, bado kuna swali la mahali. Joto ndani ya chipu halikai sawasawa. Sehemu inayopiga hesabu nzito yaweza kuwa na joto zaidi ya ukingo wa chipu kwa digrii nyingi, ingawa umbali kati yao ni milimita chache tu, na joto hilo hupanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kihisi kipo mahali kilipowekwa. Kinaeleza joto la pale, kwa muda ule, na mengine yote ni makisio.

Sasa twende Kericho. Katika miaka ya 1980 na 1990 malaria ilirudi kwa nguvu katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, mahali ambapo watu walizoea kudhani baridi inawalinda. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho yalikuwa na hospitali, na hospitali iliweka kumbukumbu za wagonjwa kwa miongo kadhaa, hazina ambayo maeneo machache ya Afrika yanayo. Swali likawa: je, joto limepanda? Mwaka 2002, Simon Hay na wenzake walichapisha katika jarida la Nature makala kuhusu sehemu nne za nyanda za juu: Kericho yetu, Kabale ya Uganda, Gikongoro ya Rwanda na Muhanga ya Burundi. Walisema hali ya hewa haikuwa imebadilika kwa kiasi cha maana, hivyo sababu ya malaria itafutwe kwingine, kwa mfano katika usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Mwaka huohuo Jonathan Patz na wenzake walijibu katika jarida hilohilo kwamba takwimu zilizotumika hazikufaa kujibu swali lile. Hazikuwa vipimo vya kituo kimoja. Zilikuwa makisio ya ramani, yaliyopatikana kwa kuchukua vituo vichache vilivyotawanyika na kujaza mapengo kati yao kwa hesabu. Katika nchi ya milima, ambapo mwendo wa saa moja kwa gari hukushusha kutoka kwenye chai hadi kwenye miwa, mapengo hayo si madogo.

Mabishano hayakuishia hapo. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake, wakitumia toleo jipya zaidi la takwimu za aina ileile kwa sehemu zilezile nne, waliona joto limepanda tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Takwimu za chanzo kimoja, sehemu zilezile, jibu tofauti. Ndipo mwaka 2011 Judith Omumbo, pamoja na Samuel Waweru wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na wenzao wengine, walipofanya jambo ambalo mtu angedhani lingefanywa kwanza. Walichukua vipimo vya kila siku vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho kwa takriban miaka 30, wakavichambua kimoja kimoja kuondoa makosa, kisha wakapima mwelekeo. Wakapata ongezeko la takriban sehemu mbili za kumi za digrii kwa kila miaka kumi, katika joto la juu la mchana, la chini la usiku na la wastani. Walilinganisha pia matoleo matatu ya zile takwimu za ramani, wakaona yanatofautiana sana yenyewe kwa yenyewe na yanatofautiana na kituo.

Kwa nini sehemu mbili za kumi zilistahili kelele yote hiyo? Kwa sababu wastani wa joto la Kericho uko karibu na nyuzi 18, na hapo ndipo kimelea hatari zaidi cha malaria kinapopata tabu ya kukomaa ndani ya mbu. Kuna kanuni ya zamani, inayotajwa kwa jina la Detinova, ambayo kwayo kimelea huhitaji siku 56 hivi kukomaa joto likiwa nyuzi 18. Likiwa nyuzi 19, siku hushuka hadi 37. Likiwa 20, hushuka hadi 28. Mbu haishi sana, na katika siku 56 karibu wote hufa kabla hawajaambukiza mtu. Digrii moja hapo ina uzito ambao digrii moja pale Kisumu haina. Sisemi kwamba kupanda kwa joto peke yake kuliirudisha malaria. Usugu wa dawa ulikuwepo, na hakuna anayeupinga. Nasema kwamba swali lenyewe lisingeweza kujibiwa hata nusu bila kujua kila kipimo kilitoka wapi na kilifaa kazi gani.

Mtu atasema nimefananisha vitu visivyofanana. Kituo cha hali ya hewa kinahakikiwa na wataalamu, kipimajoto kimo ndani ya kibanda cheupe chenye kivuli na kinasomwa kwa utaratibu. Kihisi cha prosesa kinaweza kukosea digrii 5. Kama Kericho iligombaniwa sehemu mbili za kumi, kihisi cha digrii 5 kitatufaa nini? Pingamizi hili ni zito, na jibu lake ndilo moyo wa hoja yangu. Makosa ya vipimo ni ya namna mbili. Kuna kosa linalorukaruka, leo juu kesho chini, na kuna kosa linalobaki palepale, kama mzani unaoongeza gramu 50 kila siku kwa kila mteja. Kosa la pili halikuzuii kujua kama kitu kimeongezeka, mradi unatumia mzani uleule. Kituo cha Kericho kilikuwa na thamani kwa sababu ni kituo kimoja kilichosomwa kwa miaka mingi kwa utaratibu uleule. Kama kingekuwa kinasoma nusu digrii juu tangu siku ya kwanza, ongezeko la miaka 30 lingeonekana vilevile. Zile takwimu za ramani ziliyumba kwa sababu nyingine: vituo vilivyotumika kujaza mapengo viliongezeka na kupungua mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ni kana kwamba mzani wenyewe ulikuwa ukibadilishwa katikati ya biashara.

Kihisi cha prosesa yako nacho hakibadilishwi. Kosa lake limechorwa ndani ya silikoni na litabaki humo hadi mashine ife. Kwa hiyo swali "prosesa hii ina nyuzi ngapi?" ni swali ambalo hakiwezi kulijibu vizuri, na swali "je, imepanda kuliko mwaka jana kwa kazi ileile?" ni swali kinaloweza kulijibu kwa uzuri unaoshangaza. Lazima niongeze tahadhari moja, kwa sababu hoja isiyo na mipaka ni ya kupotosha. Kosa la kihisi si la kudumu kabisa. Hubadilika kidogo kulingana na joto lenyewe, hivyo tofauti kati ya nyuzi 35 na nyuzi 90 kwenye mashine moja yaweza kuongezwa au kupunguzwa na kihisi kwa digrii kadhaa. Linganisha kazi nzito na kazi nzito, utulivu na utulivu, na usilinganishe kabisa mashine mbili kwa namba zao tupu.

Wengine watasema yote haya ni kujisumbua bure, kwa kuwa prosesa za leo hujilinda zenyewe. Ni kweli zinajilinda. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilitoa video iliyotazamwa na watu wengi, ambamo bamba la chuma la kupozea liliondolewa juu ya prosesa zikiwa zinafanya kazi. Pentium 4 ya Intel ilipunguza kasi ikaendelea, Pentium III ikasimama bila kuharibika, na zile za Athlon za AMD zikatoa moshi zikafa. Tangu wakati huo kinga ya ndani imekuwa jambo la kawaida kwa kila mtengenezaji: joto likifika mpaka, prosesa hupunguza mwendo, na likivuka hata hapo, mashine hujizima. Lakini kinga hii humlinda nani na dhidi ya nini? Huilinda chipu isiungue. Haimlindi mwenye saiba ambaye mashine yake imekuwa ikienda polepole tangu Januari kwa sababu vumbi limeziba feni. Haimlindi mzazi anayeuziwa kompyuta iliyotumika Uingereza kwa maneno kwamba "hii haipati joto, tazama, 38." Kinga ni ya chipu. Uelewa wa namba ni wa mtu, na hakuna kiwanda kitakachomwekea.

Kuna pia fundi anayesema hataki vihisi vya ndani, atatumia kipimajoto cha bunduki, cha jamii ya kile kilichojulikana na kila mtu wakati wa Korona, amulike bamba la kupozea na kusoma. Kifaa hicho hupima mionzi ya joto inayotoka juu ya kitu, na kimewekwa kwa ajili ya vitu kama ngozi, rangi au mbao, ambavyo hutoa karibu mionzi yote vinavyopaswa kutoa. Alumini inayong'aa hutoa sehemu ndogo sana, na mengine unayoyasoma ni mwangwi wa joto la ukuta na la uso wako mwenyewe. Bamba la nyuzi 60 laweza kukusomea 30 na ushee. Ukibandika kipande cha gundi-tepu nyeusi juu ya bamba na kumulika hapo utapata namba bora zaidi, lakini ni namba ya bamba. Prosesa iko chini yake, nyuma ya kifuniko cha chuma na tabaka mbili za vitu vinavyopitisha joto kwa viwango tofauti.

Hata kuhakiki kipimajoto cha kawaida huku kwetu kuna mtego wake. Vitabu vya shule husema maji huchemka kwenye nyuzi 100, na mtu anayetaka kujaribu kipimajoto chake hukitumbukiza ndani ya maji yanayochemka. Kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 maji huchemka karibu nyuzi 93, kwa sababu uzito wa hewa juu yetu ni mdogo kuliko Mombasa. Kipimajoto kizuri kitatupwa kwa kosa la mlima. Maji yenye barafu iliyopondwa hayana tatizo hilo: hukaa karibu kabisa na sifuri, Kaplong kama Mombasa.

Mwinuko huohuo unaiingia prosesa kwa mlango mwingine. Hewa ya mita 2,000 ina uzito mdogo kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 18, na feni inayozunguka kwa kasi ileile husukuma hewa nyembamba zaidi, hivyo huondoa joto kidogo zaidi. Upande wa pili, hewa yetu ni baridi. Chukua mfano wa mashine mbili. Moja iko Kaplong, chumba kina nyuzi 18, prosesa inaonyesha 60. Nyingine iko Mombasa, chumba kina nyuzi 30, prosesa inaonyesha 68. Anayetazama namba tupu atasema ya Kaplong inapozwa vizuri zaidi. Ukitoa joto la chumba, ya Kaplong imepanda digrii 42 juu ya hewa inayoizunguka na ya Mombasa digrii 38, tofauti ambayo bado imo ndani ya kosa la vihisi. Jibu la haki ni kwamba hatujui ipi inapozwa vizuri, na anayedai kujua amesoma kisichoandikwa. Lakini mashine ile ya Kaplong ikipimwa tena baada ya mwaka, asubuhi yenye baridi ileile na kazi ileile, na ikapanda digrii 55 juu ya chumba, hapo tunajua kitu.

Je, watengenezaji walaumiwe kwa kutotengeneza kihisi sahihi zaidi? Nimelifikiria hili na siwezi kuwalaumu kwa usahihi. Kihisi kinafanya kazi kiliyoundiwa, na kukihakiki katika kila joto kungeongeza bei ya kila prosesa kwa faida ambayo wanunuzi wengi wasingeiona. Ninachowadai ni uwazi. Namba ya kutoka kiwandani yenye kosa la digrii 5 isiandikwe kwenye skrini kama 62.0, yenye nukta na sifuri. Waandishi wa programu nao wangeweza kuonyesha kile ambacho chipu inasema kweli, yaani digrii zilizobaki kufikia mpaka, kwa herufi kubwa, na makisio ya joto kwa herufi ndogo chini yake. Programu chache hutoa chaguo hilo, mara nyingi likiwa limefichwa ndani ya mipangilio. Na ukikutana na namba isiyosogea kabisa, iwe mashine imewashwa sasa hivi au imefanya kazi saa tatu, fahamu kwamba huenda hakuna kihisi nyuma yake. Baadhi ya bodi hutoa thamani iliyowekwa tu ili programu isikose cha kuonyesha.

Kuna jaribio moja ambalo halihitaji kifaa cha ghali. Iache kompyuta ikiwa imezimwa usiku kucha katika chumba kimoja na kipimajoto cha kawaida ukutani. Asubuhi iwashe na usome mara moja. Hakuna feni inayoweza kuipoza prosesa chini ya hewa inayoizunguka, na muda huo kwa kawaida haijapanda mbali. Ikisema 14 na chumba kina 18, kihisi kinasoma chini. Ikisema 36, huenda kinasoma juu au kimekwama huko chini. Usikimbilie kutumia tofauti hiyo kusahihisha namba ya nyuzi 90, kwa maana kosa la chini na kosa la juu si ndugu. Jaribio hili linakuonyesha tu ukubwa wa kosa katika sehemu ambayo kiwanda hakikuishughulikia.

Kwa mwalimu anayesimamia chumba cha kompyuta cha shule, au mwenye saiba mwenye mashine sita zilizotumika, ningependekeza daftari, kama lile lililokuwa likijazwa kila siku katika kituo cha hali ya hewa cha Kericho. Andika tarehe na saa, joto la chumba, namba ya prosesa mashine ikiwa imetulia, na namba baada ya nusu saa ya kazi nzito ileile. Mara moja kwa mwezi inatosha, kila mashine ukurasa wake. Anayeuza kompyuta ya mitumba naye aombwe vipimo hivyo vitatu, cha chumba, cha utulivu na cha kazi, mnunuzi akiwa amesimama hapo, badala ya ile 38 inayoonyeshwa dakika moja baada ya kuwasha. Na siku ukurasa wa mashine namba nne utakapoonyesha kwamba pengo kati ya chumba na prosesa limetoka digrii 40 mwezi Februari likafika 55 mwezi Oktoba, fundi aifungue, apulize vumbi, abadilishe krimu ya kupitisha joto iliyokauka chini ya bamba la kupozea, hata kama namba yenyewe kwenye skrini bado haijafika 80.